Saruji ya mfupa ikivuja nje ya pingili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bibi ametoka chumba cha upasuaji, alikowekewa saruji ya mfupa ndani ya pingili iliyobonyea (pingili ni mfupa mmoja wa uti wa mgongo). Maumivu yamepungua, ameomba chai. Kesho yake ripoti ya CT skani inaletwa ikiwa na mstari mmoja unaosema saruji imevuja, na tangu hapo familia nzima haina usingizi. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji wa mifupa, na maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila mara, kwa simu na kwenye korido. Ukiambiwa saruji imevuja, uliza hapo hapo: imekwenda wapi, na mgonjwa ana dalili gani? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoonyesha kama ni jambo la kungoja au la kukimbilia.

## Mambo ya msingi

Saruji ya mfupa ni nini? Ni ileile ya kujengea?

Hapana. Ni plastiki ya akriliki, jamii moja na ile inayotengenezewa meno ya bandia. Jina lake la kitaalamu ni polimethaimethakrileti, kwa kifupi PMMA. Daktari Mwingereza John Charnley ndiye aliyeieneza kwenye upasuaji wa nyonga, akiitumia kushikiza viungo vya bandia, miongo kadhaa kabla haijafika mgongoni.

Inakuja katika sehemu mbili, unga na kimiminika. Zikichanganywa, chumba kizima kinapata harufu kali, kama ya saluni wanapobandika kucha za bandia. Mwanzoni ni kama uji mwepesi. Baada ya dakika chache inakuwa nzito kama dawa ya meno, kisha kama unga wa chapati uliokandwa, mwisho inakuwa jiwe. Inapoganda hutoa joto: bonge linalobaki kwenye bakuli huwa la moto kiasi kwamba hutamani kulishika. Ndani yake huchanganywa bariamu salfeti au zirkonia ili ionekane kwenye eksirei, maana bila hiyo daktari angekuwa anasukuma kitu asichokiona.

Kwa nini mtu mwenye mifupa dhaifu awekewe saruji mgongoni?

Osteoporosisi hupunguza ujazo wa mfupa mpaka ndani unabaki kama sifongo kavu. Pingili ya mgongo inaweza kubonyea kwa kuinua ndoo, kwa kukohoa sana, au kwa kukaa ghafla kwenye kiti kigumu. Kwa wengi maumivu hupungua yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12. Kwa wengine yanakuwa makali hata kugeuka kitandani hawawezi, na hao ndio wanaofikiriwa kuwekewa saruji ili pingili ishikane na isisagike tena kwa kila mtikisiko.

Njia hii ilianzia Amiens, Ufaransa, mwaka 1984, mikononi mwa Pierre Galibert na Hervé Deramond. Mgonjwa wao wa kwanza hakuwa na osteoporosisi. Alikuwa na uvimbe wa mishipa ya damu uliokula pingili ya pili ya shingo.

Vatebroplasti na kifoplasti zinatofautiana vipi?

Katika vatebroplasti, sindano nene hupitishwa mgongoni mpaka ndani ya pingili na saruji husukumwa moja kwa moja katikati ya mfupa. Katika kifoplasti, kwanza huingizwa kiputo kinachojazwa maji hadi kifungue nafasi, kisha hutolewa, na saruji nzito zaidi huwekwa katika pango lililobaki kwa shinikizo dogo. Kwa ujumla kifoplasti huvuja kidogo kuliko vatebroplasti. Gharama yake ni kubwa zaidi.

Kwa njia zote mbili kiasi cha saruji ni kidogo, mara nyingi mililita 2 hadi 6 kwa pingili moja. Kijiko kidogo cha chai kinabeba 5.

"Kuvuja" maana yake nini?

Maana yake ni saruji kutoka nje ya mipaka ya pingili ikiwa bado laini. Neno lenyewe linatisha kwa sababu linamfanya mtu afikirie bomba lililopasuka linalotiririka siku nzima. Saruji haitiririki hivyo. Inaganda ndani ya dakika kadhaa, na kilichotoka kinabaki pale kama kipande kigumu.

## Inavuja kwa nani, na inapita wapi

Hutokea mara ngapi?

Mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Jibu pia linategemea umetazama kwa kifaa gani, kwa kuwa eksirei ya kawaida hukosa mivujo midogo ambayo CT skani huionyesha waziwazi. Katika utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji uitwao VERTOS II, uliochapishwa mwaka 2010, CT ilionyesha saruji imevuja katika asilimia 72 ya pingili zilizotibiwa, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekuwa na dalili kutokana na mivujo hiyo.

Ndiyo maana hospitali mbili zinaweza kukupa ripoti mbili tofauti kuhusu mgongo uleule, moja ikisema hakuna kitu na nyingine ikisema kipo, na zote zikawa zimesema kweli.

Saruji hupita njia gani kutoka nje?

Mwaka 2003 Yeom na wenzake walizigawa njia hizo katika makundi matatu, na mgawanyo huo bado unatumika kwenye ripoti nyingi.

Njia ya kwanza ni mshipa wa damu unaotoka katikati ya pingili kuelekea nyuma (kwenye ripoti huandikwa aina B). Hii ndiyo tunayoiangalia kwa wasiwasi zaidi, kwa sababu nyuma ya pingili kuna mfereji unaopitisha ugwe mgongo, ile kamba nene ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Ya pili ni vena za pembeni za pingili (aina S). Hizi huungana na mishipa mikubwa inayorudisha damu kwenye moyo, na kutoka moyoni damu huenda mapafuni. Vena za eneo la mgongo hazina vali za kuzuia kitu kurudi nyuma, kwa hiyo saruji nyepesi ikisukumwa kwa nguvu inateleza humo bila kizuizi. Ya tatu ni ufa au tundu kwenye ukuta wa pingili yenyewe (aina C), ambapo mara nyingi saruji huishia kwenye diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili na pingili, ya juu au ya chini.

Kuna pia mkia mdogo unaoweza kubaki kwenye njia ya sindano daktari akiichomoa mapema. Kwa kawaida hauna madhara, labda maumivu kidogo ya misuli.

Nani yuko kwenye hatari zaidi?

Yule ambaye ukuta wa nyuma wa pingili yake umevunjika, yule ambaye pingili imebonyea sana hadi imebaki kama kipande chembamba, na yule mwenye nyufa kwenye ukuta wa mfupa unaopakana na diski. Lakini saruji yenyewe nayo ina mchango mkubwa: ikiwekwa ikiwa bado nyepesi, nyingi kupita kiasi, au kwa haraka, itatafuta pa kutokea hata kwenye mfupa wenye hali nzuri.

## Dalili, na kinachofanyika

Dalili zipi ni za kukimbilia hospitali usiku huohuo?

Mguu au miguu kuishiwa nguvu. Ganzi inayopanda, hasa sehemu za siri na kati ya mapaja, pale panapogusa tandiko mtu akipanda baiskeli. Kushindwa kukojoa, au kujikojolea bila kujua. Kifua kubana, pumzi kukata, kukohoa damu, kuzimia.

Nyingi ya dalili za neva huonekana ndani ya saa chache, dawa ya usingizi au ya ganzi inapoisha. Wanaokaa na mgonjwa usiku ule wa kwanza nawaomba jambo moja: kila baada ya muda mwambieni asogeze vidole vya miguu na akunje magoti, na muulizeni kama amekojoa. Wazee wengi hukaa kimya kwa kutotaka kusumbua watu. Mama mmoja alingoja mpaka kukucha ndipo akasema mguu wa kulia "umelala", na saa hizo zilikuwa na thamani kubwa.

Saruji ikiingia kwenye mfereji wa ugwe mgongo, inakuwaje?

Mara nyingi ni ukanda mwembamba unaolala kando bila kubana chochote, na mgonjwa hajui kama upo. Hapo hufuatiliwa tu.

Ikiwa inabana na mguu umeanza kudhoofika, hiyo ni dharura. CT hupigwa mara moja ili kuona kipande kiko wapi, kisha daktari wa upasuaji hufungua mfupa wa nyuma ya mgongo kuwapa neva nafasi, na ikiwezekana hukitoa kipande chenyewe. Kadiri inavyofanywa mapema ndivyo nguvu zinavyokuwa na nafasi ya kurudi. Kabla ya kukubali kuwekewa saruji, uliza kama hospitali hiyo ina timu ya kufanya upasuaji huo wakati wowote, au angalau imepanga mgonjwa atapelekwa wapi.

Ikiwa iliyoguswa ni neva moja inayotoka pembeni, dalili ni maumivu ya kuchoma yanayozunguka ubavu au kushuka mguuni. Haya mara nyingi hutulizwa kwa dawa au kwa sindano karibu na neva hiyo. Wachache ndio wanaohitaji kupasuliwa.

Ripoti ya kifua inasema kuna saruji mapafuni. Atakufa?

Swali hili huja na machozi, kwa hiyo nitalijibu polepole. Wagonjwa 54 wa ule utafiti wa VERTOS II walipigwa CT ya kifua baadaye, na asilimia 26 walikuwa na vipande vidogo vya saruji kwenye mishipa ya mapafu. Hakuna aliyekuwa na dalili. Vilikuwa vimekaa humo kama uzi mweupe kwenye picha, na watu walikuwa wakiendelea na maisha yao.

Asiye na dalili kwa kawaida hufuatiliwa tu bila dawa. Mwenye dalili, au mwenye kipande kilichokaa kwenye mshipa mkubwa, mara nyingi hupewa dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa, wengi wakitaja 6, ili bonge la damu lisijengeke juu ya kipande hicho. Zipo pia kesi nzito, ingawa ni chache: saruji nyingi iliyokwenda mpaka moyoni, na iliyolazimu kutolewa kwa upasuaji au kwa waya maalumu unaopitishwa kwenye mshipa. Vifo vimetokea. Ni nadra, lakini vipo, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajatia sahihi.

Imeingia kwenye diski. Kuna ubaya?

Siku hiyohiyo, hakuna. Wasiwasi ni wa baadaye: huenda kipande kigumu kwenye diski kikaongeza mzigo kwa pingili jirani nayo ikabonyea. Tafiti hazikubaliani kuhusu hilo, na pia mtu mwenye osteoporosisi huvunjika pingili nyingine hata asiyewekewa saruji kabisa. (Tazama swali la maumivu mapya hapo chini.)

## Kuzuia

Daktari hufanya nini ili isivuje?

Kubwa kuliko yote ni kuona. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, na mashine ya eksirei huwekwa ubavuni ikionyesha picha muda wote saruji inaposukumwa. Saruji huingizwa kidogo kidogo. Kivuli cheusi kikionekana kinatambaa nje ya mstari wa mfupa, daktari anasimama. Anasubiri dakika moja au mbili tone hilo ligande lizibe tundu, kisha anajaribu tena kidogo, au anageuza mdomo wa sindano. Kivuli kikifika robo ya nyuma ya pingili, wengi huishia hapo, hata kama pingili haijajaa. Na haina haja ya kujaa: nafuu ya maumivu haiendi sambamba na wingi wa saruji.

Chumbani kazi yetu wauguzi ni saa na kidole. Tunataja dakika tangu ichanganywe, na tunashika tone dogo kati ya vidole vyenye glavu. Likinata kwenye glavu, bado ni mapema. Likivutika bila kunata, wakati umefika. Hapa joto la chumba lina maana kubwa, maana saruji huganda haraka zaidi kwenye joto. Umeme ukikatika na kiyoyozi kikazima katika mji wa pwani, dakika tulizozoea hazitegemeki tena, na mtu akiharakisha kwa kuogopa itagandia kwenye sindano ndipo anaposukuma kwa nguvu kupita kiasi. Bora kutupa pakiti ile na kuchanganya nyingine.

Ni bora mgonjwa alale usingizi au abaki macho?

Zote hufanyika. Anayebaki macho kwa dawa ya ganzi anaweza kusema "mguu umenishtuka kama umeme", na neno hilo moja linasimamisha kila kitu. Kwa upande mwingine, mzee mwenye maumivu makali au asiyeweza kulala kifudifudi kwa muda mrefu huenda asistahimili. Kumbuka pia kwamba saruji inaposukumwa, presha ya damu inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo kwa njia yoyote ile mtaalamu wa usingizi anapaswa kuwepo.

Nani asiwekewe saruji kabisa?

Mwenye maambukizi, yawe ya mgongo au yaliyoenea mwilini, na mwenye tatizo la damu kuganda lisilorekebishwa. Mwenye maumivu yaliyokwisha kupoa naye hana sababu ya kuwekewa.

Hili la maambukizi nalisisitiza kwa wasomaji wa kwetu Afrika Mashariki. Pingili iliyobonyea kwa mzee si lazima iwe osteoporosisi. Kifua kikuu cha mgongo bado kipo, na kwenye eksirei kinaweza kumdanganya hata mtu mwenye uzoefu. Kadhalika saratani ya tezi dume, ya matiti, na ile ya uboho iitwayo maeloma. Homa za jioni, kupungua uzito, jasho la usiku, au maumivu yanayozidi ukiwa umelala ni vitu vya kumweleza daktari kabla ya mazungumzo yoyote ya saruji. Kipande kidogo cha mfupa kinaweza kuchukuliwa kwa sindano ileile na kupelekwa maabara.

Je, kuna haja ya saruji yenyewe?

Ni swali zito kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa kuwa asiyewekewa saruji hawezi kuvujiwa nayo.

Mwaka 2009 zilichapishwa tafiti mbili kwa pamoja, moja ya Rachelle Buchbinder na wenzake Australia, nyingine ya David Kallmes na wenzake. Nusu ya wagonjwa waliwekewa saruji, nusu walifanyiwa upasuaji wa kuigiza: walichomwa ganzi, wakabonyezwa mgongoni, na katika ule wa Kallmes hata chupa ya kimiminika ilifunguliwa ili harufu isikike chumbani. Matokeo ya makundi hayo mawili yalikuwa karibu sawa. Utafiti wa VAPOUR wa Australia, mwaka 2016, ulichagua watu 120 wenye maumivu makali sana ambao mvunjiko wao haujafikisha wiki 6, na wao waliona faida. VERTOS IV wa Uholanzi, mwaka 2018, ukiwa na wagonjwa 180, haukuona tofauti ya maana.

Maoni yangu, baada ya kusimama miaka mingi kwenye vyumba hivi: si tiba ya kila pingili iliyobonyea. Mzee wa wiki ya pili au ya tatu, aliyelazwa, ambaye dawa za maumivu zimeshindwa na anaanza kupata nimonia kwa kulala, huyo ana hoja. Aliyebonyea mwaka juzi na anatembea hadi msikitini na kurudi, hapana.

## Maswali ya pembeni

Saruji inaweza kuanza kuvuja nyumbani, wiki kadhaa baadaye?

Ikishaganda haivuji tena. Yapo mambo mawili nadra. Kipande kilichoning'inia ndani ya vena kinaweza kukatika baadaye na kusafiri hadi moyoni au mapafuni, kwa hiyo maumivu mapya ya kifua hayapuuzwi hata miezi ikipita. Na pale pingili ilipokuwa na pango kubwa ndani, bonge zima la saruji linaweza kulegea na kusogea mbele.

Maumivu yalipotea, sasa yamerudi. Ni saruji?

Mara nyingi ni pingili nyingine iliyobonyea, juu au chini ya ile ya kwanza. Piga picha mpya. Kama kuna homa, taja homa, maana maambukizi yanayozunguka saruji ni tatizo jingine na zito.

Hapa ndipo watu wanaposahau ugonjwa wenyewe. Saruji imeshika pingili moja tu, mifupa mingine imebaki dhaifu vilevile. Muulize daktari dawa ya osteoporosisi: alendronati ya miligramu 70 mara moja kwa wiki, inayonywewa asubuhi tumbo likiwa tupu kwa glasi nzima ya maji, kisha mtu asilale kwa nusu saa, au sindano ya asidi zoledroniki mara moja kwa mwaka, au denosumabu kila miezi 6. Hii ya mwisho isikatishwe kiholela, maana ikiachwa bila dawa mbadala pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo.

Anaweza kukandwa mgongo?

Kupakwa mafuta na kupapaswa taratibu, sawa. Kukandamizwa, kunyooshwa au kukanyagwa mgongoni, hapana. Hata fundi wa mifupa awe na sifa kijiji kizima.

Saruji inazuia kupigwa MRI? Inaweza kutolewa?

Haizuii MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, kwani si chuma. Itaonekana kama doa jeusi. Kuitoa iliyo ndani ya pingili ni kazi kubwa isiyofanywa bila sababu nzito kama maambukizi.

Tulitibiwa nje ya nchi. Turudi na nini?

CD ya picha zote, za kabla na za baada, sio ripoti ya karatasi peke yake. Maelezo ya upasuaji yanayotaja pingili zipi, njia gani, mililita ngapi, na saruji ilivuja upande gani kama ilivuja. Majina ya dawa za kuzuia damu kuganda, kipimo chake na tarehe ya kuziacha. Fungueni CD hiyo kwenye kompyuta kabla hamjaondoka hospitalini. Nimeshaletewa CD tupu zaidi ya mara moja, na mgonjwa akalazimika kupigwa mionzi upya kwa picha ambazo tayari zilikuwepo.